Filamu Hii Hakuna Anayeijua: Niitazame au Nilale?

Shangazi wa Sinema anajibu maswali yenu

*Shangazi, pokea salamu kutoka Umoja. Mchumba wangu yuko Doha, ni mlinzi wa jengo moja la ofisi, na mkataba wake ni wa miaka miwili. Mwenzangu kazini amenishikilia nitazame filamu ya mapenzi inayoitwa Like Crazy. Nimeuliza majirani, nimeuliza vijana wa kanisani, hakuna hata mmoja anayeijua. Nilitaka tuitazame pamoja na mchumba wangu Jumamosi, yeye kule na mimi huku, simu ikiwa wazi. Lakini mimi hufunga duka saa mbili usiku nikiwa hoi, na bando si ya bure. Je, inafaa, au ni zile za watu kutazamana tu mpaka mwisho?*
Wa Mbali, Umoja

Binti yangu, inafaa. Itazame. Ila hilo la kuitazama na mchumba wako simu ikiwa wazi, hapana, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza hili la kutojulikana lisikutishe. Mimi nilikata tiketi miaka mingi katika jumba moja la sinema hapa mjini, jumba ambalo siku hizi ni kanisa, na dirisha langu lilielekea mlango wa kutokea. Filamu zilizojaza watu mpaka kwenye ngazi zilikuwa zile ambazo mtu anazijua kabla hajatoa pesa mfukoni: kuna bunduki, kuna wimbo, kuna jina kubwa kwenye bango. Hizi za mapenzi zisizo na jina zilipata watu wa kuhesabika, na nusu yao walikuwa wanakimbia mvua. Basi nikawa natazama nyuso zao wakitoka. Filamu ikiwa mbovu, watu hutoka wakiulizana watakula chipsi wapi. Ikiwa nzuri, hutoka wakigombana kuhusu mtu ambaye hayupo: “Lakini yule mwanamke naye! Angemwambia mapema!” Mpaka wanavuka barabara bado wanamsema. Na mara nyingi hao wachache wa mvua ndio waliotoka wakigombana kwa sauti kubwa zaidi.

Like Crazy ni ya kugombaniwa. Ilitoka mwaka 2011, na mwaka huohuo ikanyakua tuzo kuu ya majaji kwa drama za Marekani kwenye tamasha la Sundance. Mwigizaji wake wa kike, Felicity Jones, akapewa tuzo yake maalumu pembeni. Halafu ikapita kimya, kama zinavyopita nyingi za aina yake. Ilitengenezwa kwa takriban dola 250,000, ambazo kwa Hollywood ni pesa za chai. Waliipiga kwa Canon 7D, kamera ya picha za mnato ambayo hata wapiga picha wetu wa harusi waliibeba miaka ile. Ukiona taswira inatikisika kidogo, simu yako haina shida. Ndivyo walivyotaka.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Anna ni Mwingereza anayesoma Los Angeles. Jacob ni kijana wa hukohuko, anasomea kubuni fanicha. Anna anampenda, anamwandikia barua na kuibana kwenye kioo cha gari lake. Wanapendana. Masomo yanaisha, viza ya mwanafunzi inaisha, na Anna anatakiwa arudi kwao. Anaamua kubaki msimu wa kiangazi mmoja tu. Anakuja kurudi Uingereza, na siku anapopanda ndege kumfuata Jacob tena, maafisa wa uhamiaji wanamzuia uwanjani na kumrudisha alikotoka. Filamu iliyobaki ni miaka ya kulipia msimu huo mmoja.

Huo uamuzi wa kubaki hauzungumzwi sana. Unaonyeshwa. Kamera iko juu ya kitanda, nao wamelala, na kila picha wamelala vingine: mgongo kwa mgongo, kichwa kifuani, miguu ukutani. Siku zinapita hivyo, hakuna anayesema neno, na wewe mtazamaji unajua kabisa wanafanya ujinga, na unajua pia kwamba ungekuwa wewe ungelala palepale.

Halafu kuna kiti. Jacob anamtengenezea Anna kiti cha kuandikia, cha mbao, kwa mikono yake mwenyewe, na chini yake kuna yale maneno mawili yaliyokuja kuwa jina la filamu. Ukifika kwenye kiti hicho, jipime. Kama hakijakugusa popote, zima ulale, hutakuwa umekosa kitu, maana filamu nzima imejengwa kwa vitu vya kadiri hiyo. Hakuna ajali, hakuna saratani, hakuna mama mkwe mwenye sumu. Huyu DJ Afro wetu, anayesimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili, hawezi kuitia sauti, angekosa la kusema, hakuna anayepigwa.

Mazungumzo yake yana namna ya peke yake. Mkurugenzi Drake Doremus na mwandishi mwenzake Ben York Jones hawakuwaandikia waigizaji maneno ya kukariri. Waliwapa muhtasari wa kila tukio, maneno wakayatafuta wenyewe kamera ikiwa inazunguka. Ndiyo maana wanakatizana, wanarudia, wanacheka mahali pasipochekesha, wananyamaza kama watu wa kweli. Weka manukuu, tafadhali. Wanameza maneno hao, na Anna akiwa amekasirika Kiingereza chake kinapita mbio.

Mimi kinachonileta karibu na filamu hii ni simu. Los Angeles na London zimepishana saa nane. Mmoja anapoamka mwenzake anamaliza siku. Mmoja ana hamu ya kuongea, mwenzake yuko na watu. Hawagombani kwa jambo kubwa. Simu inapigwa wakati mbaya, inasemwa “nitakupigia baadaye”, na hiyo baadaye inakuwa wiki. Sasa wewe na mchumba wako hamna kisingizio hicho, kwa sababu Doha na Nairobi saa ni zilezile. Kwako ikiwa saa mbili usiku na kwake ni saa mbili usiku. Nyinyi mkikosana simu ni kwa sababu ya zamu na uchovu. Filamu itakuonyesha upesi kwamba zamu na uchovu vinatosha.

Kuna mahali utacheka, na Wakenya wote nimewaona wakicheka papo hapo. Hawa wawili wanapigwa na butwaa kwamba ofisa anaweza kukukatalia kuingia nchini mwake. Hawajawahi kuona kitu kama hicho! Mtu aliyewahi kupanga foleni Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani, alfajiri na bahasha ya taarifa za benki, akalipa ile ada ya viza iliyopandishwa hadi dola 185 mwaka 2023 na ambayo hairudishwi, akapewa karatasi ya kifungu cha 214(b), ile ya kunyimwa viza, baada ya maswali matatu, huyo atawatazama kama watoto. Lakini sheria ile haikubuniwa na waandishi wa filamu. Marekani, ukikaa kupita muda uliopewa, viza uliyokuwa nayo inakufa. Ukikaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unaweza kufungiwa miaka 3. Ukipitisha mwaka, miaka 10. Anna hakufika huko, na bado mlango ulimgongea usoni. Kama una ndugu anayesema “nitakaa tu kidogo baada ya shule kuisha”, mtumie filamu hii.

Sasa ubaya wake, maana sikukatii tiketi.

Wakiwa mbalimbali, Jacob anapata msichana mwingine, Sam, wanayefanya naye kazi. Anna naye anapata jirani, Simon. Sam ameigizwa na Jennifer Lawrence, kabla jina lake halijawa la mabango yote duniani, na anaicheza vizuri kiasi cha kuiharibia filamu hesabu zake. Ni mtu mwema, mchangamfu, yupo. Anaachwa, anarudiwa, anaachwa tena, kila Anna anapopiga simu. Na filamu inatutaka tumhurumie Jacob! Simon hali kadhalika: anataka kuoa kabisa, anafanywa kama kizuizi njiani. Mimi nilikasirika. Nilitamani mtu mmoja awaambie hawa wawili kwamba kuna watu wanaumia pembeni yao, watu ambao hawakunyimwa viza na mtu yeyote. Mkurugenzi alitoa kisa hiki kwenye uhusiano wake mwenyewe wa mbali, na nadhani hapo ndipo tatizo lilipo: alikaa upande wa wale wawili mno. Utakapoitazama, mtazame Sam kila anapoingia. Utatoka ukigombana.

Mwisho wake siusemi. Nakwambia tu kwamba wapo watakaosema haujaisha, na wapo watakaosema uliisha zamani, nao walikuwa hawajui.

Kuna jambo moja la pembeni. Anton Yelchin, aliyecheza Jacob, alifariki Juni 2016 akiwa na miaka 27, gari lake mwenyewe lilipoteremka na kumbana langoni kwake. Ukijua hilo, zile picha za kitandani zinakuwa nzito kuliko zilivyokusudiwa. Nilifikiria nisikuambie, lakini ungekuja kulisoma tu mahali.

Turudi kwa mchumba. Fikiria: yuko chumba cha watu sita, ametoka zamu, anatazama mwanamke ambaye mpenzi wake yuko mbali akianza kucheka na jirani. Kila Simon atakapotokea utaulizwa majirani zako wanaitwa nani. Na usipoulizwa, ule ukimya wake wa Doha utakukosesha usingizi zaidi ya swali. Tena video zenu hazitakwenda sawa; yeye ataguna kwa jambo ambalo wewe bado hujaliona. Itazame peke yako kwanza. Ukishaimaliza utajua kama ni ya kumpelekea sasa, au ni ya kungoja arudi muitazame kwenye kochi moja mkono wake ukiwa begani kwako. Mimi ningengoja.

Na bando: filamu ni kama saa moja na nusu. Bando ya saa moja itakukatia Anna akiwa bado na maafisa wa uhamiaji. Ukiweka ubora wa kati utakula takriban GB 1 kwa filamu nzima. Ukiacha simu ijichagulie ubora wa juu inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na kwenye kioo kidogo hutaona tofauti. Kama dukani kuna Wi-Fi na mwenye duka hana neno, ipakue mchana. Usianze saa nne usiku ukiwa hoi. Filamu ya watu wanaonong’ona haipambani na usingizi. Jumapili mchana baada ya chakula, hapo ndipo.

*Shangazi, nimechoka kudanganywa na trela. Ya mapenzi ikiwa haina jina, trela ni tamu, ndani hakuna kitu. Nitajuaje kabla sijapoteza usiku?*
Mwanafunzi, Zimmerman

Kijana, trela ya filamu ya mapenzi huwa ni wimbo, busu, mvua na mtu anayekimbia uwanja wa ndege. Hiyo wanayo wote. Tafuta kipande kimoja kisichokatwa, hata cha dakika mbili tu, cha wapenzi wawili wakiongea jambo lisilo la mapenzi: kodi, kazi, nani ataosha vyombo. Wakikushika hapo, watakushika kwote. Wasipokushika hapo, busu halitawaokoa.

Halafu watazamaji wenzako, soma malalamiko yao, usihesabu nyota. Mtu anayeandika “filamu inaenda polepole, hakuna kinachotokea, na mwisho haueleweki” anaweza kuwa amekutangazia hiyo filamu bila kujua, ikiwa wewe ndiye mtu wa mambo polepole. Anayeandika “nimelia sana” hajakwambia kitu. Watu hulia hata kwenye tangazo la sabuni. Mimi humsikiliza anayemlaumu mhusika kwa jina, kwa sababu huyo alimwamini.

Angalia pia kama wahusika wana kazi. Nasema kweli. Filamu ambayo wapenzi hawafanyi kazi yoyote, hawana bosi wala nauli, nyingi ni za bure.

*Shangazi, mimi ni mume wa mtu. Mke wangu anapenda sinema za mapenzi, mimi nasinzia kabla hawajashikana mikono. Amesema Ijumaa nichague mimi, ila iwe ya mapenzi. Je, kuna moja ya Kiswahili ambayo si ya kupigana makofi sebuleni na kulogana?*
Msinziaji, Kasarani

Ipo, ndugu yangu, na ajabu ni kwamba wengi Nairobi wanajua kitabu chake na hawajui kwamba kuna filamu. Tafuta *Vuta N’Kuvute*, ya mkurugenzi Mtanzania Amil Shivji. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na Tanzania ikaipeleka kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar. Imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, ya mwaka 1999. Huyu ni Shafi yuleyule wa *Kasri ya Mwinyi Fuad* na *Kuli*, kama uliwahi kuvisoma au kuvikimbia shuleni.

Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mume mtu mzima asiyempenda. Anatoroka, anakwenda kujibanza kwa Mwajuma, shoga yake mwimbaji wa taarabu. Hapo anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi na maneno ambayo polisi wa mkoloni hawataki yasikike. Kwa hiyo wewe unayesinzia una askari, vikaratasi vya siri, na mtu anayetafutwa usiku. Mkeo ana Yasmin na Denge. Kumbuka pia miaka hiyohiyo huku kwetu hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, tangu Oktoba 1952; utaona wakoloni wa Unguja na wa Nairobi walikuwa wamesoma darasa moja.

Nakuonya mambo mawili. Filamu ina giza, giza la makusudi la vichochoro na taa za chemni, na kwenye simu hutaona kitu. Itafutie runinga na uzime taa ya sebule. La pili, haina haraka. Shivji anapenda uso wa mtu kimya, na kuna nafasi atakaa hapo mpaka wewe wa Kasarani uanze kutafuta rimoti. Usiitafute. Kama umesoma kitabu, utalalamika kwamba kimekatwa sana: riwaya ina safari ya Mombasa, ina watu tele, ina miaka, na filamu ina kama saa moja na nusu tu. Kulalamika huko ni halali. Mimi naona mapenzi yametoka vizuri kuliko siasa. Denge akiwa na Yasmin ni mtu, akiwa na wenzake wa harakati wakati mwingine anakuwa bango. Lakini Mwajuma! Ameigizwa na Siti Amina, mwanamuziki wa Zanzibar kwelikweli, na kila anapofungua mdomo filamu inapata joto. Ningetazama yote kwa ajili yake.

Kiswahili chake ni cha Unguja, kitamu, nawe utapata tabu kidogo dakika za mwanzo. Usimwambie mkeo “wanasema nini?” kila sentensi. Sikio litazoea.

Na mtengee kahawa, tangawizi ndani, kabla hamjaanza. Yako iwe kubwa.